Nepi za kitambaa au pampasi: kwanza niambie nani atafua

Mtoto wetu wa kwanza alikua kwa pampasi tupu. Wa pili alipokuja, mke wangu alirudi nyumbani Tabata na mshono wa upasuaji, maji ya bomba yalikuwa yanatoka kwa zamu tena usiku wa manane, na mama mkwe akashuka kutoka Tanga na begi ambalo nusu yake ilikuwa kanga chakavu. "Haya ndiyo mawinda ya mjukuu wangu," akasema, akalisukuma begi miguuni kwangu. Mzazi haruhusiwi kuinama. Mama mkwe magoti yanamsumbua. Aliyebaki ni mimi.

Nilifua wiki sita mfululizo kabla mke wangu hajapata nguvu za kunipokea, na hata baada ya hapo tuligawana. Ndiyo maana ukiniuliza kati ya nepi za kitambaa na pampasi ipi bora, sitakujibu mpaka uniambie nani atafua. Wengi wanaoshabikia upande mmoja katika ubishi huu hawajawahi kukaa na beseni la nepi saa tano usiku.

Tuelewane maneno kabla ya kuanza. Winda ni lile la bibi zetu: kitambaa kinachopita katikati ya miguu na kufungwa kiunoni. Nepi za kitambaa hapa nazihesabu zote, kuanzia winda la kanga na nepi za taulo hadi zile za kisasa zenye vifungo. Pampasi ni zote za kuvaa mara moja na kutupa, ingawa Pampers lenyewe ni jina la bidhaa moja iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1961. Jina limemeza kundi zima, kama Omo ilivyomeza sabuni zote za unga.

Hatua ya 1: Hesabu maji, jua na mikono

Mtoto mchanga huchafua nepi 8 hadi 12 kwa siku. Akishapita miezi sita, idadi hushuka hadi 5 au 6. Nilipokuwa nafua kwa mkono, nepi kumi zilinimalizia madumu matatu ya lita 20: la kwanza la kuondoa mkojo na kinyesi, la pili la sabuni, la tatu la kusuuza. Na hapo nimejibana. Lita 60 kila siku ya Mungu. Sasa jiulize maji hayo yanatoka wapi. Mwenye bomba la uhakika hatahangaika, ni kama uniti mbili hivi kwa mwezi. Anayenunua kwa wenye maguta anazungumza lugha nyingine kabisa. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mwishoni mwa 2022, Ruvu iliposhuka na maji yakagawiwa kwa ratiba; kipindi kama kile, nyumba yenye mtoto wa mawinda hujua thamani ya dumu.

Jua nalo lina msimu wake. Januari nepi ya kanga inakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nepi nene ya taulo inaweza kukaa kambani siku mbili na bado ikawa na unyevu kwenye pindo. Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye kamba moja kwa vyumba sita, hilo nalo lihesabu, maana nepi ishirini zitaleta maneno uani.

Mikono ndiyo kubwa. Kufua, kuanika, kuanua, kupiga pasi na kukunja kulinichukua kama saa moja na nusu kwa siku. Andika jina la mtu atakayetoa saa hizo. Ukiandika "mama" kwa sababu tu ndiye aliyejifungua, hujahesabu bado.

Ukiwa na vyote vitatu, kitambaa kinakufaa karibu muda wote. Ukikosa kimoja, changanya. Ukikosa viwili, nunua pampasi na wala usijisikie vibaya.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa bei za mtaani kwako

Bei nitakazoweka hapa ni za mfano, ili uone njia. Badilisha tarakimu, njia ibaki.

Tuseme mtoto anavaa hadi miaka miwili na nusu, yaani miezi 30. Miezi sita ya mwanzo weka wastani wa 8 kwa siku, unapata 1,440. Miezi 24 inayofuata weka 5 kwa siku, unapata 3,600. Jumla ni pampasi 5,040. Kwa shilingi 500 moja, hiyo ni shilingi 2,520,000. Nilipoiona namba hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea sifuri.

Upande wa kitambaa: nepi 24 za taulo kwa 2,500 ni 60,000. Chupi tano za nailoni za kuvika juu, kwa 6,000, ni 30,000. Ndoo yenye mfuniko na pini, 10,000. Mtaji ni 100,000. Halafu yanakuja matumizi ya mwezi: madumu matatu kwa siku kwa 300 ni 27,000, na sabuni 10,000. Kwa miezi 30 inakuwa 1,110,000. Jumlisha na mtaji, 1,210,000. Chini ya nusu ya pampasi, na hapo maji umenunua kwa guta kila siku na idadi ya madumu hukuipunguza mtoto alipokua.

Lakini ongeza mstari mmoja tu. Tuseme kuna mama unayemlipa 3,000 kila baada ya siku moja aje kukufulia. Hiyo ni 45,000 kwa mwezi, au 1,350,000 kwa miezi 30. Jumla ya kitambaa sasa ni 2,560,000. Imeipita pampasi! Unafuu wote wa nepi za kitambaa ulikuwa kwenye mikono ya mtu ambaye hakulipwa. Hii ndiyo hesabu niliyomwonyesha kaka yangu aliyekuwa akimwambia mkewe kwamba pampasi ni anasa.

Ukinunua pampasi, usilinganishe bei ya pakiti na pakiti, maana moja ina 40 na nyingine ina 64. Gawanya bei kwa idadi, ulinganishe moja kwa moja. Za rejareja pale dukani kwa Mangi, moja moja, karibu kila mara ni ghali kuliko za pakiti. Wengi tunazinunua hivyo kwa sababu fedha ya siku ni ya siku, na hilo halina dawa ya haraka. Ila kikundi cha watu wawili watatu wenye watoto wa uzito mmoja kinaweza kununua pakiti kubwa na kugawana.

Hatua ya 3: Usinunue zote kwa pamoja

Anza na nepi 10 au 12 na chupi mbili za nailoni. Jaribu wiki mbili. Ukiona unaweza, ongeza hadi 24.

Kanga chakavu ndiyo bora kwa mtoto mchanga, na hapa mama mkwe alinishinda kwa hoja. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini, inanyonya haraka kuliko kitambaa kipya chenye wanga wa dukani, na inakauka upesi. Kipande kimoja cha kanga kina kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Kikate mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, upate vipande sita vya sentimita 50 kwa 55. Doti nzima inatoa kumi na viwili. Kimoja peke yake ni chepesi, kwa hiyo viweke viwili viwili na kushona ukingoni. Usitumie kitenge cha poliesta: kinateleza, hakinyonyi na kinampa mtoto joto.

Nepi za taulo zinanyonya zaidi, lakini ni nene na hukauka polepole. Zinafaa kuanzia miezi mitatu hivi, mkojo unapokuwa mwingi.

Zile za kisasa zenye vifungo na mfuko wa ndani ni nyepesi kufunga, hata baba asiyejua kukunja anaweza. Nje zina kitambaa chenye utando usiopitisha maji, ndani unachomeka pedi. Pedi nyingi za bei nafuu ni za nyuzi ndogondogo za kutengenezwa, na hizo zisigusane na ngozi ya mtoto kwa sababu zinafyonza hadi unyevu wa ngozi yenyewe. Ziingize ndani ya mfuko. Ukinunua, vuta mpira wa mapajani mara kadhaa. Ukilegea dukani, nyumbani hautamaliza mwezi.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza

Siku mbili tatu za mwanzo mtoto hutoa kinyesi cheusi kinachonata kama lami. Kinaacha doa ambalo hata jua la Dodoma halilitoi. Mvike pampasi siku hizo, au tumia vile vitambaa ambavyo utakuwa radhi kuvitupa. Kumpaka mafuta kidogo makalioni kabla ya kumvika kunasaidia kukifuta.

Kitovu kikiwa hakijadondoka, kunja ukingo wa mbele wa nepi au pampasi ushuke chini yake. Kitovu kikae wazi, kikavu, mkojo usikifikie.

Kufunga winda: tandika kitambaa, kikunje kiwe pembetatu, upande mrefu uwe juu. Mlaze mtoto kiuno kikiwa sawa na ule upande mrefu. Leta ncha ya chini katikati ya miguu hadi tumboni, kisha ncha za kulia na kushoto zikutane juu yake. Wa kiume, uume uelekezwe chini na unene wa kitambaa uwe mbele. Wa kike, unene uwe katikati na nyuma. Unapochomeka pini, vidole vyako viwili viwe kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili ikiteleza ikuchome wewe. Ilinichoma mara nyingi. Ukimaliza, vidole viwili vipite kiunoni bila kulazimisha.

Jambo moja ambalo kitambaa kinaishinda pampasi waziwazi: unajua mtoto kakojoa mara ngapi. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo huwa mwepesi wa rangi. Pampasi inameza mkojo mdogo hivi kwamba ukigusa unaona kavu. Ukiwa na wasiwasi kama maziwa yanatosha, weka kipande cha kitambaa cheupe ndani ya pampasi uhesabu nacho.

Hatua ya 5: Kufua

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na mara nyingi kosa ni la utaratibu.

Kinyesi kwanza, chooni. Kipukute au kikwangue, kisha umwage. Wapo wanaosema kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara na wanamwaga maji ya nepi uani. Si kweli. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na watoto wengine wanacheza kwenye mchanga huohuo.

Suuza kwa maji baridi. Mimi siku ya kwanza nilichemsha maji, nikidhani ndiyo usafi. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni. "Baba, unaupika huo uchafu." Alikuwa sahihi: maji ya moto hugandisha doa la kinyesi kama yanavyogandisha ute wa yai, na likishaganda halitoki. Baridi kwanza, moto baadaye.

Za mkojo na za kinyesi zitenge. Zenye mkojo tu, loweka kwenye ndoo ya maji hadi muda wa kufua. Usizilaze zaidi ya siku moja, zitanuka na kuanza kuoza pindo. Na ndoo hiyo iwe na mfuniko unaobana, ikae juu ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha shubiri moja, na kichwa chake ni kizito kuliko mikono yake inavyoweza kumwinua. Hili nalirudia kwa kila mtu anayeniomba ushauri wa nepi.

Sabuni ya mche au ya unga, zote zinafaa, ila kiasi kidogo. Povu likibaki kwenye kitambaa ndilo linalomchoma mtoto usiku mkojo unapoliyeyusha. Suuza mpaka maji yatoke bila utelezi. Maji ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri usiyatumie kabisa, yanapaka kitambaa utando na kukifanya kisinyonye. Jik nayo iweke mbali na nepi zenye mpira na zile za utando, inazila. Kwa kanga na taulo nyeupe unaweza kutumia tone mara moja moja, mradi usuuze mara mbili zaidi.

Mara moja kwa wiki chemsha zile za pamba tupu kwenye sufuria, dakika kumi. Hasa mtoto akiwa na fangasi. Za utando usizichemshe, zitaachana.

Nepi zikianza kunuka mkojo mara tu mtoto anapolowesha, ilhali zimetoka kufuliwa, jua sabuni imejikusanya ndani. Zifue kwa maji ya moto matupu, bila sabuni, mara mbili au tatu.

Hatua ya 6: Anika juu, piga pasi

Jua ni dawa ya doa, na ni la bure. Doa la njano lililobaki baada ya kufua, lianike likiwa bado bichi, jioni utalikuta limefifia.

Usianike nepi juu ya michongoma, kwenye majani wala juu ya mchanga. Kuna nzi ambaye huvutwa na harufu ya mkojo na kutaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, hasa kivulini. Funza wake anapoguswa na joto la mwili hupenya kwenye ngozi na kutokeza jipu lenye tundu katikati. Kwa mtu mzima ni kero, kwa makalio ya mtoto wa wiki tatu ni mateso. Anika kwenye kamba, juani, na piga pasi ya moto pande zote mbili pamoja na pindo na mishono. Joto la pasi linaua mayai. Kwa za utando zisizopigwa pasi, hakikisha zimekauka kabisa kwenye jua kali, au zianike ndani penye wavu.

Pwani tunaambiwa nguo za mtoto hazilali nje. Wazee wana sababu zao, za bundi na zaidi ya bundi. Mimi sijui ya bundi, ila umande na yule nzi vinatosha kunifanya nianue kabla ya magharibi.

Hatua ya 7: Pampasi zina mahali pake

Usiku. Safari ya basi. Siku ya kliniki. Wiki ya mvua. Siku ambayo mama hajalala. Sisi tulitumia pampasi mbili kwa siku, moja ya usiku na moja ya dharura, zilizobaki zikawa kitambaa. Wiki nyingine zilikuwa nne na hakuna aliyekufa.

Ukitaka kujua kwa nini pampasi inakaa kavu usiku kucha, ichane umwagie kikombe cha maji. Utaona chembechembe kama chumvi zikivimba na kuwa ute mzito. Teknolojia hiyo ilienea kwenye pampasi miaka ya 1980. Kabla ya hapo zilikuwa nene kama mto wa kulalia. Ute huo ukimwagika kwenye ngozi ya mtoto, mfute tu na kumvua, kisha tupa hiyo iliyochanika. Lakini ukavu huo unadanganya. Badilisha kila baada ya saa tatu au nne mchana, na papo hapo mtoto akijisaidia haja kubwa, hata kama ndiyo kwanza umeivika.

Saizi isome kwa kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, achana na miezi. Ikiacha alama nyekundu mapajani au mkojo ukivuja mgongoni, panda saizi. Zile zinazouzwa bila pakiti, zichunguze: ziwe hazina vumbi, hazinuki unyevu, na gundi ya pembeni inashika.

Kutupa ndipo tunapojiaibisha. Kinyesi kimwagwe chooni, pampasi ikunjwe kwa ndani na kufungwa kwa gundi zake, iingie kwenye ndoo ya taka yenye mfuniko hadi siku ya gari la taka. Rambo zilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, kwa hiyo ile tabia ya kufunga moja moja kwenye rambo nyeusi na kuzitupa mtaroni imebaki bila rambo lakini mtaro bado unazipokea. Zikiziba, mvua ikija maji yanaingia kwako. Usizitumbukize kwenye choo cha shimo: zinavimba, haziozi kwa miaka mingi, na gari la kunyonya majitaka likija mpira wake unakwama. Nimeona jirani akilipa mara mbili kwa hilo, kunyonya na kuopoa. Wapo pia wasiothubutu kuzichoma kwa kuamini mtoto ataungua makalio popote alipo. Sizichomi pia, kwa sababu ya moshi wa plastiki.

Na mazingira? Wakala wa Mazingira wa Uingereza walichapisha mwaka 2008 upimaji uliolinganisha gesi joto za aina zote mbili kwa miaka miwili na nusu ya mtoto. Pampasi zilitoa kama kilo 550, kitambaa kilo 570. Karibu sawasawa, na watu wa pampasi hupenda kuishia hapo. Sababu ya kitambaa kule kupanda ni umeme wa kuchemshia maji ya mashine na kukaushia. Upimaji uleule ulionyesha kwamba ukijaza mashine, ukaanika kambani na kumvika mtoto wa pili nepi zilezile, unapunguza kiasi cha kilo 200. Sasa sisi tunaofua kwa maji baridi na kuanika kwenye jua la Tabata tumekuwa tukifanya hivyo tangu enzi za bibi bila kupewa cheti.

Hatua ya 8: Angalia ngozi kila unapobadilisha

Upele wa nepi hauchagui. Unaletwa na unyevu, mkojo uliokaa na kinyesi kilichochelewa kufutwa, iwe kwenye kanga au kwenye pampasi ya bei mbaya. Safisha kwa maji na kitambaa laini, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Paka krimu yenye zinki au vaselini, tabaka linaloonekana. Halafu mwache wazi: mlaze juu ya kanga, makalio nje, nusu saa mara mbili tatu kwa siku. Atakojoa. Utafua kanga. Poda usimpake, vumbi lake linaingia kwenye mapafu.

Ukiona wekundu mkali hadi ndani ya mikunjo ya mapaja, na vipele vidogo vimesambaa pembeni yake, hiyo kwa kawaida ni fangasi na inataka dawa yake. Vaselini peke yake haitamaliza. Malengelenge, usaha, homa, au upele ambao haujapungua kwa siku tatu, mpeleke kituo cha afya.

Hatua ya 9: Kuzihifadhi kwa anayefuata

Mtoto akiacha, fua nepi zote, chemsha za pamba, anika juani siku mbili, kisha zifunge kwenye shuka safi. Usiweke vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyotupia makabatini kwa ajili ya mende na nondo. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na katika ukanda wetu wenye malaria hawako wachache. Mtoto wa aina hiyo akifungwa nepi iliyokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinavunjika, na manjano ya siku za mwanzo yanaweza kupanda hadi kudhuru ubongo. Wengi wana hali hiyo na hawajui. Kwa hiyo ukirithi nepi, kanga au blanketi la mtoto kutoka kwa ndugu na likanukia kabati la zamani, usimvike siku hiyo. Lifue, lianike juani, na harufu ikibaki lifue tena. Ikigoma kutoka, hilo ni la kufutia vumbi.